Dola Tano za Harriet Powers

Siku moja karibu mwaka 1891, mwanamke Mweusi wa miaka hamsini na kitu aliingia mjini Athens, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, akiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Mapajani alikuwa amepakata mzigo uliofungwa ndani ya gunia safi la unga, na gunia hilo nalo likafungwa ndani ya gunia lingine. Mtu hafungi blanketi hivyo. Hivyo mtu hufunga kitu ambacho hataki hata vumbi la barabara likiguse.

Alikuwa amekuja kukiuza. Bei yake ilikuwa dola kumi. Mnunuzi, mwalimu wa sanaa kwa jina Jennie Smith, akamwambia hawezi kutoa zaidi ya tano. Mama yule akatoka nje kushauriana na mume wake, kisha akarudi na jibu: mzee anaona heri tuichukue tu, maana hali ni ngumu.

Mama yule ni Harriet Powers. Alichouza siku hiyo kwa dola tano leo ni mali ya Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani kule Washington. Kingine alichoshona baadaye kiko katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston. Kati ya kazi zake zote, ni hizo mbili tu zinazojulikana kuwa zimebaki, na siku hizi ni vigumu kuandika historia ya sanaa ya Wamarekani Weusi bila kuzitaja.

Wamarekani wanaita kitu hicho kwilti. Kiswahili kina neno lake la zamani, mfarishi, na nitatumia hilo. Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, zote zikishikanishwa kwa mishono inayopita kutoka juu hadi chini ili pamba isikimbie. Ile sehemu ya juu ndiyo uwanja wa fundi. Unaweza kuunganisha viraka. Ama unaweza kukata maumbo ya mtu, nyota, samaki au punda, na kuyashonea juu ya kitambaa moja baada ya lingine. Powers alifanya hivyo. Kwa maneno mengine, alichora kwa mkasi.

Nina jambo moja la kusema juu yake. Harriet Powers alikuwa mwanahistoria. Sisemi hivyo kwa lugha ya kumsifu tu. Alichagua matukio, akayapanga, akayapa tarehe, na kila alipopata mtu wa kusikiliza alieleza kila tukio lina maana gani. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria. Kilichochelewa ni wasomaji.

Jora moja

Alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837, karibu na Athens, akiwa mtumwa, katika nchi ambayo kila kitu kilizunguka pamba. Nani analala njaa, nani anauzwa, nani anajenga nyumba yenye nguzo nyeupe, yote yaliamuliwa na pamba.

Sasa, mwaka huo huo wa 1837, Mmarekani kwa jina Richard Waters alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake huko. Miaka minne kabla, Sayyid Said alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na Marekani. Meli zilitoka Salem, Massachusetts, zikaja kuchukua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Nazo zilileta kitambaa cha pamba, kigumu, kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani. Watu wa pwani wakakiita merikani. Jina likashika mpaka leo; muulize fundi yeyote mzee wa kushona. Misafara ya bara ilikibeba kama pesa: kwa merikani ulinunua chakula, ulilipa wapagazi, uliomba njia kwa wenye nchi.

Viwanda vilikuwa kaskazini, lakini pamba ilitoka kusini, kwa mikono ya watu waliofungwa utumwani. Sisemi kwamba pamba ya shamba alikokulia Harriet ilifika Mombasa. Hakuna daftari lililofuata nyuzi namna hiyo. Ninachosema ni kwamba Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865, pamba ya kusini ikakwama, na huku kwetu merikani ikaadimika mpaka nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake sokoni. Vita vilivyomfanya Harriet kuwa mtu huru ndivyo vilivyobadilisha nguo mgongoni mwa mpagazi wa Bagamoyo. Kwa hivyo tunapomtazama huyu mama, hatuangalii jambo la watu wa mbali. Tulikuwa katika jora moja.

Ekari nne

Harriet aliolewa na Armstead Powers mwaka 1855, kabla ya uhuru. Walipata watoto wasiopungua tisa, na sio wote waliokua. Baada ya vita, karani wa sensa ya 1870 alipofika kwao aliandika kwamba mume ni kibarua wa shamba na mke ni wa kutunza nyumba. Ukisoma mstari huo haraka unaweza kudhani alikuwa amekaa tu.

Kutunza nyumba katika mashamba ya Georgia ya wakati huo kulimaanisha kuchota maji, kufua kwa mkono, kupika kwa kuni, kulima bustani, kuchuma pamba msimu ukifika, na kuvisha watoto. Kuvisha watoto ndiko kulikoleta sindano. Mfarishi wa kawaida haukuwa sanaa ya kutundika ukutani. Ulikuwa kinga ya baridi katika nyumba ya mbao yenye nyufa, na ulitengenezwa kwa mabaki: shati lililochakaa, gunia, upindo wa gauni. Hakuna kitambaa kilichotupwa.

Miaka ya 1880 mambo yalinyooka kidogo. Familia ya Powers ilipata shamba lao wenyewe, ekari nne. Kwa watu waliozaliwa wakihesabiwa kuwa mali ya mwingine, kumiliki ekari nne hakukuwa jambo dogo. Na ni katika miaka hiyo hiyo Harriet alishona mfarishi tunaouita leo Mfarishi wa Biblia. Kuna mishono ya mkono na mingine ya cherehani. Mashine za kushona zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa malipo ya polepole, na hata nyumba za watu wa kawaida ziliweza kupata moja. Napenda jambo hilo. Picha tunayouziwa ya msanii wa kijijini ni bibi mwenye sindano chini ya mti, asiyejua dunia inaenda wapi. Huyu alichukua teknolojia ya kisasa ya wakati wake akaitia kazini.

Nyoka mwenye miguu

Mfarishi wa Biblia una picha kumi na moja, katika safu tatu. Unaanza na Adamu na Hawa bustanini, unapita kwa Kaini akimuua Abeli na damu ikichuruzika, kwa Yakobo na ngazi yake, ubatizo wa Yesu, kusulubiwa, Yuda na vipande thelathini vya fedha, Karamu ya Mwisho, mpaka Familia Takatifu. Watu wake ni vivuli vya kitambaa, mikono imenyooshwa, karibu wote wako katikati ya kufanya jambo.

Tazama nyoka wa picha ya kwanza. Ana miguu. Jennie Smith, aliyeandika maelezo ya Powers baada ya kununua, hatupi sababu, lakini mimi naiona hivi: hapo bustanini laana ilikuwa bado haijatolewa. Mungu alimwambia nyoka atatambaa kwa tumbo baada ya kosa, kwa hivyo kabla ya kosa lazima alikuwa na njia nyingine ya kutembea. Nimeona picha nyingi za Edeni zilizochorwa na mabwana wenye majina makubwa, na nyoka wao anajizungusha mtini kana kwamba hukumu imeshapita. Powers alisoma mpangilio wa matukio kwa makini kuliko wao.

Ama mwangalie Yuda kwenye Karamu ya Mwisho. Amevalishwa kitambaa cha rangi iliyopoa, tofauti na wenzake, kwa sababu tabia yake ilikuwa na doa. Huhitaji kuandikiwa jina lake. Rangi imeshamsema.

Smith anaeleza pia kwamba Powers alitamani sana kwenda kwenye sarakasi ya Barnum and Bailey, ili awaone wanyama wa Biblia kwa macho. Smith anaisimulia kama jambo la kuchekesha kidogo, na wengi wameirudia hivyo. Mimi naona msanii anayetaka kufanya utafiti. Kama kazi yako ina ndovu na ngamia na wewe unaishi Clarke County, Georgia, ungeenda wapi kwingine?

Kuna watafiti walioutazama mfarishi huu wakakumbuka Abomey, mji mkuu wa ufalme wa Dahomey, katika Benin ya leo, ambako mafundi wa wafalme walikata maumbo ya simba, papa na mashujaa na kuyashonea juu ya bendera. Ukiziweka picha pamoja, zinafanana kweli. Lakini hakuna hati inayomuunganisha Harriet na fundi yeyote wa Abomey, na mimi naogopa haraka yetu hapa. Tunapenda kusema Afrika ilishona kupitia mikono yake, na ni sentensi tamu. Shida ni kwamba inamtoa yeye kwenye kazi yake mwenyewe. Damu haishoni. Aliyekaa akafikiria miguu ya nyoka ni Harriet.

Ahadi ya vitambaa

Mwaka 1886 kulikuwa na maonyesho ya pamba mjini Athens. Waza maonyesho ya kilimo ya kwetu: mazao, mifugo, michezo, watu kutoka kila upande. Powers alipeleka mfarishi wake, ukatundikwa. Jennie Smith, aliyefundisha sanaa kwenye Lucy Cobb Institute, shule ya wasichana wa Kizungu pale mjini, aliuona akasimama. Alikuwa amesomea sanaa mpaka Paris, kwa hivyo haikuwa mara yake ya kwanza kuona kazi nzuri. Akamtafuta mwenye kazi mpaka akampata, akauliza bei.

Jibu likawa hauuzwi. Kwa bei yoyote.

Tukae hapo kidogo, maana watu wakisimulia habari za Powers huruka moja kwa moja hadi kwenye zile dola tano, na tunabaki na mama masikini asiyejua thamani ya kitu chake. Alijua. Mtu aliyezaliwa akiwa na bei kichwani pake, mtoto wa watu walioweza kuuzwa kabla ya jua kutua, alitengeneza kitu kisha akasema hakina bei. Hiyo ndiyo kauli yake ya kwanza iliyoandikwa kuhusu kazi yake, na ilikuwa hapana.

Halafu maisha yakabana. Baadaye Powers mwenyewe alituma habari kwamba sasa yuko tayari kuuza, lakini wakati huo ni Smith aliyekuwa hana pesa. Muda ukapita tena. Mwishowe Smith akatuma ujumbe, na ndipo ule mkokoteni wa ng'ombe ukaja na lile gunia ndani ya gunia. Kumi ikawa tano.

Na bado hakukabidhi tu na kuondoka. Kabla ya kwenda alimpitisha Smith kwenye picha zote, moja baada ya nyingine, akieleza kila moja kwa dhati. Smith akaandika. Ndiyo sababu leo tunajua habari ya rangi ya Yuda. Fikiria kama angechukua pesa akaenda zake: tungekuwa na kitambaa kizuri na makadirio ya wataalamu. Powers alihakikisha kwamba kitambaa kikienda, maana inaenda nacho.

Smith anaongeza mambo mawili. Kwamba Powers alirudi mara kadhaa nyumbani kwake kuutembelea mfarishi, kama unavyomtembelea mtoto aliyeolewa mbali. Na kwamba kilichomtuliza kidogo kwa kuupoteza ni ahadi moja: Smith aliahidi kumwekea mabaki yake yote ya vitambaa.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala hii. Yaani katikati ya hasara, mama huyu alijadili malighafi. Pesa zilikuwa nusu ya alichotaka, sawa, lakini kazi inayofuata inahitaji vitambaa, na nyumba ya mwalimu mwenye uwezo ina vitambaa. Hakuwa amekuja kufunga duka.

Alhamisi ya Baridi

Mwaka 1895 Smith alipeleka Mfarishi wa Biblia kwenye maonyesho makubwa ya Atlanta, yale yaliyoitwa Cotton States and International Exposition. Inasimuliwa kwamba wake wa walimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta waliuona huko wakamwagiza Powers mwingine. Mwaka 1898 huo wa pili ulikuwa mikononi mwa Kasisi Charles Cuthbert Hall wa New York, kama zawadi.

Huu wa pili una picha kumi na tano, na ndio unaonifanya nimwite mwanahistoria bila kusitasita. Biblia ipo: Ayubu, Musa na nyoka wa shaba, Yona. Lakini katikati ya hao Powers ameweka matukio ya dunia yake, tena kwa tarehe.

Kuna Siku ya Giza, tarehe 19 Mei 1780, siku ambayo mchana uligeuka usiku kaskazini mashariki mwa Marekani. Leo tunajua ulikuwa moshi wa misitu inayoungua. Wakati huo watu walidhani ni kiama. Kuna usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, vimondo vilipomiminika angani kwa maelfu na watu wakatoka nje wakilia. Kuna usiku wa mwanga mwekundu wa 1846. Na kuna Alhamisi ya Baridi ya Februari 1895, alipokuwa amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka hamsini na saba: mwanamke ameganda akiwa anaomba, mwingine ameganda langoni, mwanamume ameganda na gunia la unga, na pumzi ya nyumbu imegeuka barafu puani.

Siku ya Giza ilitokea miaka 57 kabla hajazaliwa. Vimondo vilianguka miaka minne kabla. Alijuaje? Kwa njia ambayo wengi wetu tulijua habari za ukoo: aliambiwa. Watu wengi waliozaliwa utumwani hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na walihesabu umri kutoka mwaka wa nyota kuanguka. Nyanya zetu walifanya vivyo hivyo. Ukimuuliza alizaliwa lini, anakutajia mwaka wa nzige au njaa fulani yenye jina, na ofisi ya vitambulisho inabaki kukisia na kumwandikia tarehe moja Januari. Kalenda ya namna hiyo hudharauliwa mpaka siku unapogundua kwamba ni sahihi. Ile tarehe ya vimondo ya Powers inakubaliana na ya wanaastronomia.

Halafu kuna nguruwe. Katika picha moja ya mfarishi wa pili yuko nguruwe jike, jina lake Betts, aliyekimbia maili 500 kutoka Georgia hadi Virginia. Kwenye maelezo, Betts anaitwa nguruwe wa kujitegemea. Amewekwa kwenye picha moja na matajiri wawili ambao hawakufundishwa habari za Mungu, na saa ya kuhesabu muda wao. Matajiri wanahukumiwa. Nguruwe anakimbia kutoka Georgia kuelekea kaskazini, na jina lake limebaki kwenye historia. Sitakufafanulia utani wa mwanamke aliyezaliwa mtumwa Georgia. Nadhani umeuelewa.

Barua

Kwa karibu miaka mia moja vitabu vilisema Harriet Powers hakujua kusoma wala kuandika. Iliaminika kwa urahisi. Sheria za Georgia zilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, na maneno yake yalitufikia kupitia kalamu za wengine, tena yameandikwa kwa lafudhi ya kuigiza, ile namna Wazungu wa enzi hiyo walivyopenda kuandika matamshi ya Weusi.

Mwaka 2009, mwandishi na mshonaji Kyra Hicks alitoa kitabu kilicholeta barua ya 1896. Mwanamke mmoja wa Iowa alikuwa ameulizia kazi za Powers, na Powers akamjibu, na nakala ya jibu ikahifadhiwa. Humo anaeleza maisha yake mwenyewe. Alijifunza kusoma akiwa mtoto. Alijisomea Biblia. Na alikuwa ameshona mifarishi mingine, mmoja wao wa Karamu ya Mwisho, ambayo leo haijulikani iliko.

Watu walishangaa. Mimi nimejiuliza kwa nini. Mimi ni mtu niliyeacha chuo bila ile karatasi, na nimeona jinsi sauti ya mtu hubadilika akishajua huna, hata kama dakika tano zilizopita mlikuwa mnajadili kitabu kimoja. Mifarishi ilikuwa imetundikwa wazi kwa miaka mingi. Nyoka alikuwa na miguu muda huo wote. Mpangilio, tarehe, rangi ya Yuda, vyote vilikuwa pale. Lakini ilibidi karatasi ipatikane ndipo wakubali kwamba aliyeshona alikuwa msomaji.

Nani amelipwa

Miaka ya 1890 ekari zile nne zikaanza kuuzwa kidogo kidogo. Armstead aliondoka nyumbani. Harriet akaendelea peke yake, akiishi kwa cherehani. Alifariki tarehe 1 Januari 1910 na kuzikwa Gospel Pilgrim, makaburi ya Weusi pale Athens. Makaburi yale yalimezwa na magugu, na ilichukua hadi miaka ya 2000 ndipo jiwe lake likatambuliwa tena.

Mfarishi wa pili ulitoka kwa familia ya Hall, ukanunuliwa na mkusanyaji Maxim Karolik, na kupitia kwake ukafika makumbusho ya Boston mwaka 1964. Ule wa kwanza uliingia Smithsonian mwishoni mwa muongo huo. Mwaka 1992 Smithsonian ikatoa leseni ya kutengeneza nakala za baadhi ya mifarishi yake, ukiwemo wa Powers, zishonwe Uchina na kuuzwa madukani. Washonaji wa Marekani wakaja juu, wakapinga. Walisema nakala za bei rahisi zinaua soko lao. Ni hoja ya haki, lakini ndani yake kuna nyingine: kazi iliyotoka mikononi mwa mwenyewe kwa nusu ya bei ilikuwa inauzwa tena, safari hii kwa wingi.

Sasa rudi pwani. Simulizi inayosikika zaidi kuhusu chanzo cha leso ni kwamba wanawake wa karne ya 19 walinunua vitambaa vya mkono, vile Wareno waliita leso, vikiwa bado havijakatwa kutoka kwenye jora. Wakavikata vitatu vitatu, wakashona safu mbili pamoja, wakajifunga. Yaani leso ilianza kama kazi ya viraka. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo iliyochapwa hivyo tayari, na baadaye maneno yakaingia. Leo leso inasema: inashukuru, inachokoza jirani, inamwaga siri bila mtu kufungua mdomo. Pembeni utakuta alama ya mfanyabiashara. Jina la mwanamke wa kwanza aliyekata na kushona halimo, na hakuna anayelijua.

Ukikutana na wachoraji wa mtaani, wapiga picha, washonaji wanaochukua mitumba ya Gikomba na kuigeuza koti ambalo hujawahi kuliona, wengi watakuambia wameshaambiwa kwamba malipo yao ni kujulikana. Powers alijulikana. Kazi yake ilionyeshwa Atlanta, aliandikiwa barua kutoka mbali. Kujulikana hakukuokoa ekari hata moja. Kwa hivyo sipendi anapogeuzwa kuwa hadithi ya kutia moyo, ati vumilia, siku moja utaingia makumbusho. Yeye hakuingia. Ni kitambaa kilichoingia.

Tunachoweza kujifunza kwake ni namna ya kuuza ukiwa umebanwa. Alikataa mara ya kwanza, kauli yake ikabaki. Alipolazimika, aliuza kitambaa, lakini alikaa mpaka maana ikaandikwa pamoja na jina lake. Aliomba vitambaa vya kazi inayofuata. Alirudi kuangalia. Na kuna picha yake moja ya miaka ya 1890, amesimama na aproni aliyoishonea maumbo ya nyota na jua. Hata kwenye kamera alivaa kazi yake mwenyewe.

Oktoba 2021, makumbusho ya Boston yalifungua maonyesho ya mifarishi ya Marekani, na kwa mara ya kwanza hizi kazi zake mbili zikaonyeshwa pamoja. Alipokuwa anashona wa pili, wa kwanza ulikuwa umeshauzwa, uko nyumbani kwa Jennie Smith. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nayo yote miwili chini ya paa lake.